Siku Futi Iliponiruka

Jumamosi iliyopita mmoja wenu aliniuliza, tukiwa pembeni ya uwanja pale Vwawa, kwa nini ninapomtazama kipa siangalii mikono yake. Alidhani macho yangu yamechoka. Nilimwambia nitamjibu nikipata nafasi ya kukaa. Leo mvua imenizuia, nimekaa.

Naangalia miguu, wadogo zangu. Mpira wa juu ukipigwa kutoka pembeni, kipa aliyetulia hatua yake ya kwanza huwa ndefu, na ya pili ndefu zaidi. Mwenye wasiwasi hutoa hatua moja fupi, kama mtu anayejaribu maji ya baridi kwa kidole cha mguu, halafu anarudi. Goli huingia wakati anarudi. Watu watasema alikosa mkono, au alikosa urefu, lakini mimi nitakuwa nimeona mguu.

Nayajua haya kwa sababu mguu huo niliwahi kuwa nao.

Nilidaka kwa miaka kumi na mitatu. Nilianzia nyumbani Ihanda, kwenye uwanja wenye mteremko ambao kipindi cha kwanza unadaka ukiwa bondeni na cha pili ukiwa mlimani. Baadaye nikadakia Tunduma, Mbeya, Sumbawanga, Isongole, hata ng'ambo ya mpaka, Nakonde ya Zambia, kwa miezi michache. Mke wangu husema nikisikia basi linawashwa injini, tayari nimeshaanza kutafuta viatu. Ni kweli siku hizi. Lakini upo mji mmoja ambao nilitaka kukaa, nikae kabisa, na nilivyoondoka hapo ndiyo habari ninayotaka kuwaambia.

Kwanza nimtaje aliyenifundisha. Mzee Simbeye alikuwa Mnamwanga mfupi, mpole, ukimwona ungedhani anafundisha kwaya. Zamani za mashirika ya umma alidakia timu ya kiwanda kimoja cha kukoboa kahawa huku kwetu Mbozi. Siku zile mchezaji alikuwa mfanyakazi kama wengine. Simbeye alikuwa mtunza ghala. Asubuhi anapokea magunia, alasiri anavaa jezi.

"Kuna siku tulifungwa matano," alikuwa akitusimulia, "na moja nilijifunga mwenyewe kwa ngumi. Jumatatu nikaingia ghalani, meneja akanicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Basi, yakaisha. Jumapili iliyofuata nikatoka golini kama kawaida. Nimwogope nani? Kahawa ilikuwa bado inakuja."

Halafu kiwanda kikauzwa. Mwenye kiwanda mpya hakuwa na haja na timu. Simbeye akabaki na kabati la vikombe sebuleni kwake na goti linalouma kila mvua ikikaribia. Mpira wetu ukashikwa na wafanyabiashara, na hapo ndipo sisi wa rika langu tulipoanza kulijua neno mkataba. Karatasi moja, sahihi mbili, muhuri, msimu mmoja. Siwalaumu wafanyabiashara hao. Bila wao tusingekuwa hata na nyavu. Ila Mzee Simbeye alidaka akijua kesho atalala wapi, na mimi nilidaka nikijua mpaka Desemba.

Somo lake kubwa lilikuwa moja. Alinisimamisha golini akaweka wapiga krosi wawili, kulia na kushoto, akasema, "Kila mpira uuite. Sema 'Yangu!' kwa sauti ya kumfukuza mbwa."

"Na ule ambao si wangu, Mzee?"

"Uite pia."

"Si nitagongana na mabeki?"

"Mgongane! Mkigongana mara mbili, ya tatu watakupisha. Kipa bubu ndiye anayeua timu."

Wiki ya kwanza nilimvunja jino beki wetu wa kati. Ni rafiki yangu mpaka leo, na kila akicheka namkumbuka Mzee. Lakini shikeni hilo: kuita mpira si kelele. Ukisema "Yangu!" umeshaamua, na mabeki wako nao wanaamua. Huwezi kuuita ukiwa na nusu ya moyo, sauti yenyewe inakataa.

Na mengine madogo ambayo siku hizi hamyahitaji. Glovu zetu zilikuwa za sufi, za mitumba, zimeshonewa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kiganjani. Asubuhi za Juni kule Mbozi, nyasi zikiwa na umande, ulizilowesha mapema, maana glovu kavu ikikutana na mpira uliolowa huteleza kama sabuni. Tunduma shida ilikuwa upepo wa Agosti. Nahodha akishinda kura ya shilingi, nilimwomba achague upande ambao vumbi linatupiga usoni kipindi cha kwanza, kwa sababu macho ya kipindi cha pili tayari yamechoka. Mambo ya namna hiyo.

Tunduma nilifika na mkataba wa msimu mmoja, kwenye timu iliyokuwa ya wasafirishaji. Jina lake la kwenye karatasi tuliache. Watu wote waliiita Malori. Mwenye timu alikuwa Hajji, mfanyabiashara aliyekuja kutoka mikoa ya kati na lori moja bovu, akakaa mpakani mpaka yakawa mengi. Mashabiki walikuwa madereva na matingo, wasaidizi wao, waliokwama foleni ya kuvuka, na kwa vile foleni haikuisha, mashabiki hawakuisha. Wao ndio walionipa jina la Breki. Nikidaka walipiga kelele za breki za upepo, "Pshhh!", uwanja mzima. Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Mke wangu alipata kibanda cha kupika wali na maharage karibu na stendi ya malori. Binti yetu Neema alianza darasa la kwanza shule ya Majengo, akarudi wiki ya pili anaimba nyimbo za Kibemba za kuruka kamba. Kwa mara ya kwanza tulinunua kabati. Mtu anayehamahama hanunui kabati. Na Hajji mwenyewe alikuwa ametutangazia kwamba timu ikipanda daraja, atakaowabakisha watasaini miaka miwili. Miaka miwili! Nilikuwa sijawahi kuona mkataba wenye miaka miwili. Nilitaka ule mkataba kuliko nilivyowahi kutaka kikombe chochote.

Sasa niwaeleze futi.

Hajji alikuwa na jambo moja la fahari: kila msimu timu yake ivae nguo mpya, za kushonwa, si za mitumba. Mshonaji alikuwa Fundi Shabani, Mrangi wa Kondoa, mwenye cherehani kwenye baraza ya duka karibu na soko. Ligi yetu ilikuwa inaisha karibu na sikukuu, na wakati huo mafundi wote wamefunikwa na sare za shule za Januari. Kwa hiyo Fundi Shabani alikuwa anakuja uwanjani mapema, wiki nne kabla ya mechi ya mwisho, na utepe wake wa kupimia, ule tunaouita futi, ameutundika shingoni. Anapima wachezaji watakaovaa nguo za msimu ujao.

Mnaona ilipo shida. Hakuna kiongozi aliyewahi kutamka kwamba anayepimwa ndiye anayebaki. Lakini wenyeji wa timu walikuwa wameshaona: waliopimwa walibaki, wasiopimwa waliitwa ofisini baada ya mechi ya mwisho wakashukuriwa. Katibu wa timu hakusema lolote kabla ya siku hiyo. Tukazoea kusoma hatima yetu kwenye futi ya fundi cherehani. Mtu akikosa mazoezi siku ya vipimo, swali la kwanza jioni lilikuwa, "Futi imempita nani?"

Siku yenyewe tulipanga mstari pembeni ya goli la upande wa reli. Fundi alikuwa na daftari la shule na pini zimebanwa midomoni, kwa hiyo alikuwa anapima kimya, anamgeuza mtu kwa vidole viwili kama anayegeuza chapati. Akampima nahodha. Akampima winga wetu ambaye alikuwa ameumia tangu Septemba, tukashangaa. Akampima Mulenga, kipa wa akiba, kijana wa ng'ambo aliyejiunga nasi katikati ya msimu na alikuwa anavaa fulana ya dukani. Nilikuwa nyuma ya Mulenga. Nikainua mikono.

Fundi Shabani alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Akanipiga bega mara mbili, polepole, kama watu wanavyompiga bega mfiwa. Akapita kwa aliyekuwa nyuma yangu.

Nilibaki nimeinua mikono. Nahodha akajikohoza. Mulenga akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Nyumbani sikusema, lakini wali ulinishinda, na mke wangu anajua wali ukinishinda kuna jambo.

"Baba Neema, umeumia?"

"Futi imeniruka."

Ilibidi nimweleze yote, kwa sababu mambo ya futi yalikuwa ya sisi wachezaji. Alisikiliza huku anachambua maharage ya kesho.

"Na Katibu amesemaje?"

"Hajasema."

"Umemuuliza?"

"Mtu haulizi mambo hayo."

"Kwa nini?"

"Ukiuliza unaonekana unaomba."

"Sasa si unaomba kazi? Au unafanya nini?" Akatupa jiwe alilolitoa kwenye maharage. "Basi nitamuuliza Fundi mimi. Kesho napita pale kuchukua vitambaa vya kushikia sufuria."

"Ole wako, Mama Neema! Wataniona nimetuma mwanamke."

Akarudi kwenye maharage yake. Nawaambieni hili ninyi mnaojiona wanaume kwa sababu hamuulizi: katika miaka kumi na mitatu ya kudaka, kosa langu kubwa nililifanya nikiwa nimekaa kwenye kigoda, mpira uko mbali.

Mechi iliyofuata tulicheza nyumbani. Mwili ulikuwa mzima, nilikuwa nimelala, nimekula. Lakini kila mpira ulipokuja nilijikuta nawaza jinsi utakavyoonekana. Nikiutema, Katibu atasema, mnaona? Nikitoka nikaukosa, Hajji atasema, mnaona? Mwenye mawazo hayo hachagui kinachofaa, anachagua kisicholaumiwa. Nikabaki kwenye mstari. Kipa akibaki kwenye mstari hakuna anayemlaumu sana, atalaumiwa beki. Mipira ya kuanzisha nikaipiga mbele ovyo, badala ya kumpa beki wa kushoto kama tulivyozoea, maana ikipotea huko mbele hainihusu.

Na nikaacha kuita. Sikujua kwamba nimeacha. Nahodha ndiye aliyenigeukia dakika ya ishirini, "Breki, uko hapo?" Niliita mara moja, sauti ikatoka kama ya mtu anayeomba apishwe kanisani.

Tulishinda mawili kwa moja, lakini goli walilopata lilitokana na krosi ambayo mwezi uliotangulia ningeidaka huku naimba. Nilitoka hatua moja, nikarudi. Matingo hawakupiga "Pshhh." Mmoja alipanda juu ya uzio akapaza sauti:

"Breki zimefeli! Wekeni jiwe nyuma ya tairi!"

Uwanja ukacheka. Na mimi ningecheka, siku nyingine.

Mzee Simbeye alikuwa amekuja kutazama. Wakati huo alikuwa anasaidia kufundisha makipa wetu kila alipopata usafiri. Aliningoja kwenye bomba la maji.

"Wewe unadaka kama mtu aliyekaa hospitali anasubiri kuitwa jina."

"Mzee, sijapimwa."

Akafunga bomba. Yeye alikuwa hajawahi kudaka katika hali ile. Alisema tu, "Sasa ukiwa umeshaondoka, unaogopa nini? Daka kama mtu aliyeondoka."

Alikuwa karibu sana na ukweli, ila hapo ndipo palipokuwa na tatizo: sikuwa nimeondoka. Sikuwa nimebaki wala sikuwa nimeondoka. Kwenye kichwa changu asubuhi nilikuwa naaga, jioni najipa moyo kwamba huenda Fundi alisahau.

Niruke mbele kidogo. Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha makipa kwenye timu moja ya Mbozi, viongozi waliamua kumwacha kipa wetu mmoja, kijana wa Ruanda hii ya kwetu Mbozi, anaitwa Osward. Zilikuwa zimebaki wiki sita. Nikawaambia viongozi, mwambieni sasa. Mmoja akaruka, "Tukimwambia atalegea!" Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho nikasema nitamwambia mwenyewe. Nilimkuta anafua soksi. Nikamwambia, "Osward, msimu ujao hutakuwa nasi. Imeamuliwa, si kosa lako, wanataka mtu mrefu zaidi." Alifua soksi ileile kwa dakika tano. Halafu akauliza, "Nani mwingine anajua?" Nikamwambia. Akauliza kama naweza kumtafutia mahali. Nikasema nitajaribu. Wiki hizo sita alidaka mpaka watu wa timu nyingine wakaanza kuja kumtazama. Alitoka golini kama anayekwenda sokoni. Habari mbaya ilikuwa imeshaingia ndani, imekaa, haina tena mlango wa kugonga. Ningepewa habari yangu kule Malori, hata kama ni mbaya, ningedaka.

Turudi Tunduma. Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tupande daraja. Malori yaliyokuwa foleni yalizimwa injini. Hajji alikaa kwenye kiti chake cha plastiki, kanzu nyeupe, tasbihi mkononi. Mke wangu alifunga kibanda, akaja na Neema.

Ilikuwa sifuri kwa sifuri mpaka dakika za mwisho. Kisha beki wao akapiga mpira mrefu wa kubahatisha, ukapaa katikati ya mabeki wangu na mimi. Mshambuliaji wao alikuwa bado mbali. Ulikuwa mpira wangu. Hata leo nikifumba macho nauona, unadunda mara ya kwanza, unanifuata wenyewe kama mbuzi anayejua nyumba yake. Nilitoka. Hatua moja, mbili. Halafu nikawaza, nikiukosa je? Mguu wa tatu ukakataa. Nikasimama pale ambapo kipa hapaswi kusimama kamwe, si golini, si kwenye mpira. Beki wangu, kwa kuwa hakusikia "Yangu!", akasita naye. Mshambuliaji akafika, akaunyanyua kidogo tu kwa ncha ya kiatu, ukanipita juu, ukaingia. Hatukupanda.

Hakuna tingo aliyenizomea. Walianza kuwasha malori mojamoja.

Ofisi ya timu ilikuwa nyuma ya duka la vipuri la Hajji. Kesho yake tuliitwa kwa zamu. Katibu, mwalimu mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakunitazama mara moja. Mbele yake palikuwa na karatasi iliyochapwa kwa taipureta. Niliona jina langu, kwa sababu mtu huliona jina lake hata likiwa kichwa chini. Akaifunika kwa kiganja.

"Ndugu yangu, tulikuwa na nia na wewe," alisema. "Nia kabisa. Lakini umeona mwenyewe hizi mechi za mwisho. Hajji ameumia. Wazee wanasema umechoka."

"Sijachoka, Katibu."

"Basi kulikuwa na nini?"

Hapo ndipo ningesema. Nilisema, "Asante kwa yote," nikatoka.

Siku mbili baadaye nilipeleka suruali kwa Fundi Shabani, itengenezwe zipu kabla ya safari. Nilipoingia barazani niliiona kabla sijasalimia. Kwenye msumari, juu ya cherehani, ilikuwa imetundikwa karatasi ya mfuko wa saruji, imekatwa umbo la kiwiliwili na mikono mirefu, na imeandikwa kwa kalamu ya mkaa: BREKI. Chini yake, mezani, kitambaa cha kijani kilichokatwa kwa kuifuata, na vipande vya sponji vya viwikoni vimeshashikizwa.

"Fundi, hii ni nini?"

"Jezi yako." Siku hiyo hakuwa na pini mdomoni. "Au iliyokuwa yako. Nimesikia. Pole sana."

"Lakini hukunipima!"

Alinishangaa. "Nikupime ya nini? Ya kipa naikata kwa karatasi kwa sababu ya sponji. Mwili wako ninao hapa tangu nilipokushonea ile ya kwanza, ulipokuja. Hajji alinituma nianze na yako, kabla hata sijaja uwanjani kuwapima wenzako. Nikakupiga bega, nikasema huyu ameshamaliza."

Kabla yangu hakuna kipa aliyewahi kubaki Malori kwa msimu wa pili. Kwa hiyo katika timu nzima hapakuwa na mtu aliyejua kipa anayebaki hufanyiwaje. Nilikuwa wa kwanza, na nikajiondoa mwenyewe.

Nilimwambia mke wangu. Nilitegemea atasema, "Si nilikwambia?" Hakusema. Aliuza kabati.

Msimu uliofuata nilikuwa Isongole, nadakia timu ya wauza viazi, na siku moja nikavuka milima kuja Tunduma kutazama Malori. Sijui nilifuata nini. Nilisimama nyuma ya goli la upande wa reli. Wenzake wakiwa wanapasha misuli, Mulenga aliniona akaja. Alikuwa amevaa jezi ya kijani. Mikono yake ameikunja mara mbili na bado inamfika kwenye vifundo vya vidole.

"Iwe, mune," alisema, yaani we, rafiki. "Mikono yako mirefu kama nguzo za umeme."

"Haikupunguzwa?"

"Fundi alisema akikata, sponji zitahama."

Tukacheka. Kisha akasema, bila mimi kumuuliza, "Niliiona hii jezi. Kesho yake baada ya vipimo nilikwenda kwa Fundi anipime bega upya. Ilikuwa mezani imekatwa. Kubwa. Nikajua si yangu."

"Ulijua?"

"Nilijua. Na nilikuona unavyodaka, nikajua wewe hujui."

"Mbona hukuniambia, Mulenga?"

Alitazama upande wa mpaka, kule malori yalikosimama. "Na mimi nilikuwa na mke, Breki. Alikuwa na mimba. Na mimi hakuna aliyeniambia chochote."

Nilitafuta hasira sikuipata. Hata sasa naitafuta. Mkono wa kushoto wa jezi ulikuwa umefunguka, unaning'inia. Nikapitisha mikono yangu kwenye uzio, nikamkunjia upya, vizuri, mikunjo mipana isiyofunguka, kama Fundi ambavyo angefanya. Na ninyi, msimu ukikaribia kwisha, gongeni mlango wa Katibu muulize. Mkiona haya, mnikumbuke nimesimama pale uziani nakunja mkono wa jezi yangu.

Refa akapiga filimbi. Mechi ilikuwa haijafika mbali, wageni wakapata kona. Mpira ukapaa, nikasikia sauti ya Mulenga, "Yangu!", ya kumfukuza mbwa, na nyuma ya uzio mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshapiga hatua, ndefu.